Mashine Yako Ingali Inawaka

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Kifua kimepona? Sisi tunamshukuru Mungu, tumechoka tu.

Duka la vipuri linakwenda. Ile seva, kompyuta ya bei na hesabu uliyotufungia chini ya kaunta, ilizimika wiki iliyopita, wateja wakasimama huku tukitaja bei kwa kukumbuka. Shemeji yako akasema, "Huu mfumo wa Linux wa ndugu yako ni wa bure kama mbuzi wa zawadi. Akiugua, utamwuliza nani?" Nikamjibu kwamba miaka yote haujatudai ada ya leseni wala kutusumbua. Akacheka. "Mama watoto, mfumo wa kulipia ukikwama, kuna mtu wa kupokea simu. Huu una mtu mmoja tu, naye hapokei."

Siku ile nilikupigia mpaka simu ikaisha chaji, na si kwa ajili ya seva peke yake.

Mama haulizi tena utarudi lini. Jioni nikifika, anauliza tu, "Mashine ya mwanangu bado inawaka?" Namwambia inawaka. Hata siku ilipozimika nilimwambia hivyo, Mungu anisamehe.

Niliomba, nikachomoa waya na kuuchomeka upya, seva ikaamka. Lakini Jumatatu fundi anakuja kuifuta aweke mfumo wa kulipia. Sitamzuia, maana duka haliendeshwi kwa kukumbuka. Ila kwa Mama, fundi hana cha kuweka mahali pako. Jioni hiyo akiniuliza, nataka nimwambie umepiga simu.

Nakuombea kila siku. Tafadhali nijibu mapema.

Dada yako