Mashuka ya Tarehe Ishirini

Jumapili, 15 Septemba
Maren kapiga chafya kanisani tangu wimbo wa kwanza hadi baraka. Jirani yetu Orrin kamtania: "We mtoto, leo umemzidi mchungaji kelele!" Maren akacheka, kisha akakohoa. Mjukuu wangu ana miaka tisa, na pumu. Chavua ya lile gugu la kando ya reli ndiyo inayommaliza. Dawa yake jalidi tu—umande ugande usiku mmoja, gugu life. Madirisha tumeyafunga tangu Agosti.

Ijumaa, 20 Septemba
Siku ya mashuka! Marehemu mama alisema: ikifika tarehe ishirini jalidi imeshapiga, anika nje. Nimeanika yote. Sikuangalia kipimajoto, sijawahi kukiangalia. Yananukia upepo. Nimemtandikia Maren.

Jumamosi, 21 Septemba
Hospitali. Alfajiri midomo yake ilikuwa ya bluu. Daktari kauliza mtoto kalalia nini. Nikamwambia. Akasema, kwa upole tu, kwamba siku hizi jalidi inachelewa hata wiki tatu, na mashuka hayo yalijaa chavua. Mimi. Kwa mikono yangu mwenyewe!

Jumanne, 24 Septemba
Maren karudi nyumbani. Halvor, baba yake, kapiga simu akiwa njiani na lori. Sikumficha mwanangu. Nikasikia akizima lori. Kisha: "Mama, jalidi isipofika hadi tarehe sita Oktoba, nampeleka kwa shangazi yake Oregon. Akakae huko, gugu hilo hakuna." Nikasema itafika. "Hata mwaka jana ulisema hivyohivyo."

Jumatano, 2 Oktoba
Hakuna kitu. Miaka yote nazifunika dalia zangu, maua ya bustanini, kwa magunia, jalidi isiziunguze. Mwaka huu nimeziacha wazi. Zife zote, sijali! Maren ananitazama kupitia kioo cha dirisha.

Jumamosi, 5 Oktoba
Redio inasema huenda ikawa usiku wa leo. Huenda! Nimemfungia Maren sanduku. Kalifungua, karudisha nguo kabatini.

Jumapili, 6 Oktoba
Nimeshika majani ya dalia. Maji tu, hayajaganda. Na vichipukizi vipya, saba. Halvor kafika, hataki hata kahawa. Maren kauliza kama nitampigia simu jalidi ikifika. Nikamwambia siku hiyohiyo. "Na mwakani, Bibi, itafika tarehe ngapi?" Halvor naye kanikazia macho. Nikakimbilia jikoni, eti nafuata skafu ya Maren. Skafu ninayo mkononi tangu hapo, nami nimejificha na daftari hili. Wananiita—