Pindo Tulilolishona Kimironko

Mpendwa Mama mkwe,

Shikamoo. Nimekaa kwenye benchi lile lile nje ya uwanja wa ndege wa Kigali, nimevaa gauni lile lile, na ndege yangu ya kwenda Accra bado saa tatu. Ni safari ya kikazi, siku tano tu. Aliyenikatia tiketi aliniomba radhi kwamba ningengoja hapa Kigali saa kumi nzima, akaanza kunitafutia tiketi nyingine isiyo na kungoja. Nikamwambia aiache hiyo hiyo. Aliniona wa ajabu, na sikumlaumu, maana hajui kwamba kungoja ndege nilifundishwa na wewe.

Nimeanza na "Mama mkwe" kwa sababu sijui kama bado nina haki nayo. Mimi na mwanao tumeachana mwaka wa nne sasa, na tangu hapo sijakupigia simu hata mara moja. Wewe ulinipigia mara mbili, sikupokea. Kisha ukanitumia ujumbe wa maneno matatu, nao sikuujibu. Nataka kuujibu leo, ila kwanza niache nikukumbushe siku ile, maana ndiyo inayonipa ujasiri.

Tulikuwa tunakwenda Dubai kumwona mwanao, ndoa yetu ikiwa na miezi saba. Nilikuwa nakuogopa, Mama, tena sana. Zaidi ya shikamoo na "chakula tayari" sikumbuki kama nilishawahi kukuambia kitu cha maana. Niliposikia tutakaa Kigali siku nzima, wawili peke yetu, nilibeba kitabu kinene ili nipate mahali pa kujificha. Tulipofika nikachagua viti viwili karibu na ukuta, nikafungua ukurasa wa kwanza. Wewe hukukaa. Ulisimama na mkoba wako begani ukanitazama.

"Binti, nje kuna mji wa watu. Tutashindaje humu kama mizigo?"

Mimi nilidhani ni lazima kuomba ruhusa mahali fulani. Wewe ukaenda moja kwa moja kwenye dirisha la uhamiaji, ukatoa pasi, ukamsalimu ofisa, ukagongewa mhuri. Yule dada wa mlangoni alipokuomba kwa heshima uache mfuko wa plastiki uliobebea karanga, kwa sababu huku mifuko hiyo hairuhusiwi, nilijua sasa patachimbika. Ukafungua kanga yako, ukamimina karanga, ukafunga fundo, ukamwambia wamefanya jambo jema na huko kwetu Mwanza ungependa waje watusaidie ufukweni. Yule dada alicheka hadi akatusindikiza kwenye pikipiki.

Sitasahau ulivyokaa kwenye ile pikipiki, kofia ngumu juu ya kilemba, mgongo umenyooka, unamwamuru dereva wako atuzungushe kwanza tuone mji. Tulishuka Sonatubes ukasimama pale njia panda karibu robo saa ukitazama taa za barabarani zikihesabu namba na magari yakingoja. Ulipotaka kuvuka ukaangalia upande usio wenyewe, maana huku magari yanapita kulia, nikakushika mkono kukuvuta. Ndiyo mara ya kwanza nilikushika mkono. Hukuuachia mpaka ng'ambo.

Mchana tukaingia mgahawa mmoja karibu na soko la Kimironko, wa kujipakulia wenyewe. Mimi, kwa adabu za mkwe, nikaweka vijiko viwili vya wali na kajani ka mboga, nikijua nitarudi kuongeza. Kumbe huku unapakua mara moja tu, basi. Wenzangu wote walikuwa na vilima kwenye sahani, na wewe cha kwako kilikuwa kirefu kuliko vyote: viazi, ndizi, maharage, isombe, ambayo ulionja ukasema ni kisamvu chetu tu kimebadilisha jina. Uliitazama sahani yangu, ukasukuma yako katikati ya meza. Kwetu sijawahi kuona mkwe akila sahani moja na mama wa mume wake. Nilikula nikiwa nimeinamisha kichwa, na ukaniambia nisile kama ndege, safari bado ndefu.

Kisha, sokoni, ukaona kile kitenge cha bluu chenye maua ya manjano. Ulitaka kushuka Dubai na nguo mpya, wewe na mimi, sare. Fundi wetu alikuwa Konsolata, yule mama aliyekulia Bujumbura, na ukafurahi kusikia Kiswahili chake. Aliuliza mimi ni nani yako. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema mkwe, ukaniwahi. Ukamwambia, "Huyu binti yangu."

Konsolata akatikisa kichwa. "Leo haiwezekani, mama. Iko kazi mingi, iko na nguo ya bibi harusi."

Mtu mwingine angeondoka. Wewe ulivuta kigoda. Ukamwambia yeye akate na kupiga mashine tu, pindo tutalishona wenyewe kwa mkono, na kama ana vifungo vya bibi harusi navyo avilete. Akavileta kweli. Ulishona vifungo kumi na viwili vya mtu usiyemjua, ukashona pindo lako lote, mimi nikiwa bado nahangaika na nusu ya langu, mishono imepinda kila mahali. Wanawake wa vibanda vya jirani walikuja kukutazama. Mimi pia nilikuwa nakutazama, na kile kitabu sikukikumbuka tena.

Ndipo ukaangalia saa yako ukaruka. Saa kumi na nusu, na saa kumi na moja tunatakiwa uwanjani. Simu yangu nilikuwa nimeizima kutunza chaji. Tukavaa magauni hapo hapo nyuma ya pazia, langu nusu pindo linaning'inia, tukakimbilia pikipiki huku unamkemea dereva aongeze mwendo. Tulipofika hapa, saa ya ukutani ikasema saa kumi kamili. Kigali iko nyuma ya Dar kwa saa nzima na wewe hukuwa umegusa saa yako tangu tuondoke nyumbani. Nilingoja ukasirike. Ulicheka mpaka ukakaa chini, kwenye benchi hili.

"Basi tumezawadiwa saa," ukasema, ukatoa sindano.

Ukanisimamisha mbele yako ukashona nusu iliyobaki nikiwa nimelivaa gauni. Nilikuomba ufumue na ile ya kwangu, ni aibu. Ukakataa, ukasema hiyo ni kazi yangu, ikae. Halafu, bila kuinua uso, ukasema yale maneno.

"Mwanangu namjua, ana mazuri yake na ana mambo yake. Mkishindwana, mmeshindwana nyinyi wawili. Mimi usinikimbie."

Na mimi nikakukimbia, Mama. Haikuwa hasira, ilikuwa aibu. Niliona nikikupigia utadhani naja kumshtaki mwanao, au kuomba urudishe kilichovunjika. Kila mwezi ukipita aibu inaongezeka, mpaka nikaanza kukukwepa hata kwenye mawazo. Ila kila ninapokwama mahali, foleni hospitali, ofisi za watu, najikuta najiuliza wewe ungefanya nini na hizo saa.

Leo asubuhi wakati nashuka ndegeni, kisigino kilinasa kwenye pindo, likafumuka. Nikaenda Kimironko moja kwa moja. Konsolata yupo pale pale, amenenepa kidogo, na alilitambua gauni kabla ya kunitambua mimi.

"Mama yako iko wapi?" akauliza.

Ningeweza kumweleza ukweli wote, wa ndoa na wa kuachana. Nikamjibu yuko Mwanza, mzima, nikasikia machozi yananipanda. Alidhani nimekumiss tu, na hakukosea. Ili kunichangamsha akanisimulia kwamba siku ile aliona kabisa saa yako iko mbele. "Lakini mutu mukubwa, utamwambia nini?" Tukacheka sote wawili.

Alitaka kunipigia pindo kwa mashine, dakika moja. Nikalivua nyuma ya pazia nikajifunga kanga, nikamwomba sindano na uzi. Akaligeuza gauni, akapitisha kidole polepole kwenye upande wako, akasema mkono wa mama una nguvu. Kisha akanisimamia, akanifumulisha mara mbili nirudie. Mchana nikaenda kula kwenye mgahawa ule ule. Safari hii nilijaza kilima, na bado sikukimaliza, maana nilijaza cha watu wawili.

Saa yangu niliirudisha nyuma kabla ndege haijatua. Hata hivyo nimekuja uwanjani mapema makusudi, nipate saa moja ya kukaa hapa na kukuandikia.

Nikitoka Accra sitalala Dar. Nimeomba siku mbili kazini na nitakuja Mwanza Jumamosi, nitagonga asubuhi baada ya chai. Ukiamua kutonifungulia, ni haki yako na sitanung'unika. Nina kitenge chako mkononi, cha kijani, Konsolata amekuchagulia mwenyewe, na amekataa kukikata mpaka akupime.

Sasa nijibu ujumbe wako. Uliniuliza, "Pindo bado limeshika?" Upande wako haujaachia hata uzi mmoja, Mama. Upande wangu ndio uliofumuka, na leo nimeushona upya kwa mkono wangu.

Nisamehe nilivyochelewa.

Binti yako,
kama ulivyomwambia fundi.