Gari la nyuma halikunipata

Jumapili, Kakola. Jua limewaka tangu asubuhi, hakuna hata wingu la kudanganya, na vumbi la makarasha yanayosaga mawe limetua kila mahali mpaka kwenye chai yangu. Sijali. Nimeinywa hivyo hivyo. Leo hayupo wa kuniudhi, na akijitokeza nitamcheka.

Nimerudi.

Nimerudi na miguu yangu miwili, magoti yamevimba, pua imebabuka kwa jua la huko. Sikujua kwamba jua linaweza kuunguza huku unatetemeka kwa baridi. Nimetoka Makedonia Kaskazini kwa baiskeli, nikaingia Albania, nikatokea Montenegro, mlima juu ya mlima, na gari sikupanda. Narudia kwa faida ya wale vijana wanaochimba dhahabu kwenye duara la jirani, waliobishana dukani kwangu kwamba nitarudi na picha nikiwa nimelala kiti cha nyuma: sikupanda gari! Chezea mimi.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, mimi ni Mama Doto. Natengeneza baiskeli na kuuza spea hapa Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu. Wateja wangu ni wachimbaji wadogo, wauza maji, na akina mama wanaobeba mkaa. Na mimi mwenyewe nashindana mbio za baiskeli za wanawake, nimeshinda Shinyanga zaidi ya mara moja. Sasa kuna kampuni ya utalii ya Ulaya ilitangaza nafasi moja ya bure kwa mwanamke mshindani kutoka Afrika, aende akatembee na watalii wengine milimani, na kiongozi wa kuwaonyesha njia. Binti yangu Doto akaniombea kimyakimya kwenye simu yake. Waliponipigia nikajua ni matapeli, nikawakatia. Wakapiga tena. Nikawakatia tena, na tusi juu. Ni Doto aliyekuja mbio kutoka chumbani, ameshika kichwa.

Lakini leo nataka kuandika kuhusu gari. Na kuhusu gari siwezi kuandika bila kuandika kuhusu mama.

Mama yangu anakaa Mhunze, kule Kishapu. Anaitwa Kabula, ila ukifika sokoni ukimuulizia Kabula watu watakukodolea macho. Wao wanamjua Mama Lori. Zamani, mimi sijaanza hata shule, aliingia mbio za wanawake za kutoka Mhunze kwenda Shinyanga mjini. Alikuwa anabeba pamba kwa baiskeli kila msimu, mapaja yake yalikuwa ya chuma. Kila mtu alimwona anatoka mbele. Basi watu wakajipanga mjini kumsubiri, wenzake wakafika mmoja mmoja, yeye hayupo. Mwishoni likaja lile lori linalookota waliochoka njiani, na mama yuko juu, ameshikilia baiskeli yake, anaangalia chini.

Watu walicheka siku hiyo. Wakaendelea kucheka mpaka kicheko kikawa jina.

Hakuwahi kusema kilichotokea. Ukimuuliza anakwambia, "Lori lilinipakia," basi, anaendelea na shughuli zake. Mimi nilikua nikiitwa mtoto wa lori. Hata niliposhinda Shinyanga, nikiwa nimeshika kombe, nilimsikia mzee mmoja anamwambia mwenzake, "Huyu si wa Mama Lori huyu? Kumbe naye anafika!" Nilitabasamu kwa meno tu. Moyoni nilikuwa nawaka.

Nilipokwenda Mhunze kumuaga, mama alinishika mkono, akanipa neno moja.

"Usipande gari."

Nikamwambia, "Sipandi, mayu." Mayu ni mama kwa Kisukuma chetu.

Sasa fikirieni hali niliyoikuta huko. Katika safari ile kuna gari linalofuata nyuma. Limebeba mabegi, maji, ndizi, na lina viti vizuri. Ukichoka unanyoosha mkono, linasimama, unapanda. Wenzangu walikuwa wanapanda wanacheka! Ingrid, bibi mmoja mstaafu kutoka Sweden, mtu mzuri sana, kila mlima ukizidi alikuwa anapita ameketi dirishani anamenya chungwa, ananipungia. "Ni likizo, Mamadoto!" Walidhani hilo ndilo jina langu lote, kwa pumzi moja. Kwao lile gari lilikuwa huduma, wamelilipia. Mimi kila nikisikia mlio wake nyuma yangu, mgongo ulikuwa unasisimka. Nilikuwa nasikia lori.

Siku ya kwanza nilijiaibisha mwenyewe. Tumefika mlima, nikashuka, nikaanza kusukuma, maana kwetu mlima na mzigo ni kushuka na kusukuma, wala hakuna anayekushangaa. Ardit, kiongozi wetu, kijana mrefu Mwalbania, akarudi mbio anauliza nini kimeharibika. Nikamwambia hakijaharibika kitu, ni mlima. Akanionyesha gia. Jamani, gia! Mimi nazitengeneza, nazibadilisha, lakini Kakola ni tambarare na baiskeli zetu za mashindano ni chuma kitupu, sijawahi kuzihitaji kwa dhiki namna ile. Kufika jioni nilikuwa napanda milima kama mtu aliyezaliwa huko. Na usiku mmoja, siku za mwisho, tukala ugali. Haki ya Mungu, Montenegro na wenyewe wana ugali wa mahindi, wanausonga na jibini, na pembeni maziwa mgando. Niliomba tena na tena mpaka mwenye nyumba akaja kuniangalia.

Ila tatizo langu halikuwa milima. Tatizo langu lilikuwa wazee.

Vijiji vya kule juu vimejaa wazee. Vijana wameondoka. Bibi amekaa mlangoni, babu anakata majani ya ng'ombe kando ya barabara. Na mimi nililelewa hivi: mtu mzima humsalimii ukiwa juu ya baiskeli. Unashuka, unaegesha, unapiga goti kidogo, unatoa shikamoo, unasubiri aitikie. Kupita mzee huku unakanyaga pedali tu ni kumtukana. Ardit alinieleza vizuri kabisa kwamba kule kupunga mkono kunatosha. Akili ilielewa. Miguu ilikataa. Kila nikimwona mzee nilijikuta nimeshashuka, na wenzangu wanayeyuka kwenye kona. Kwa hiyo bingwa wa Shinyanga nilikuwa nafika mwisho kila siku, na gari pembeni yangu linanguruma.

Sikulipanda.

Ikaja siku ya mlima wa mwisho, Montenegro, mrefu kuliko yote. Asubuhi Ardit akatukusanya. Siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa dereva, mwenzake akatangulia na baiskeli. Akasema mchana kutakuwa na radi juu kule, si mahali pa kuchezea, kwa hiyo atakayekutwa na gari kabla ya kilele anapanda, hakuna mjadala. Aliniangalia mimi kuliko wengine.

Nikajiapiza kwamba leo simwoni mzee yeyote. Nikainamisha kichwa, nikaweka gia, nikawapita wote. Wote! Nilikuwa mbele peke yangu, ukungu unanigusa uso, nasikia pumzi yangu tu. Nikaanza kucheka mwenyewe barabarani kwa raha.

Halafu, nyumba ya mwisho kabisa kabla mlima haujasimama, bibi. Kitambaa cheusi kichwani, anamvuta ng'ombe mmoja kwa kamba. Aliniona. Akasimama kuniangalia.

Nilijiambia pita. Nilijiambia pita, Mama Doto, pita, huyu hakujui wala hutamwona tena.

Nikashuka.

"Shikamoo, bibi." Na goti chini, kwenye lami ya watu.

Hakuelewa neno, lakini goti alilielewa. Aliachia kamba, akanishika mashavu kwa mikono yote miwili, akaanza kuongea. Aliongea! Nami nikawa namjibu kwa Kisukuma, kwa sababu kama hatusikilizani basi bora nitumie lugha ya nyumbani. Nikamwambia habari za Mhunze, za mama, za ng'ombe wetu. Alikuwa anaitikia kwa kichwa. Wenzangu wakatupita, Ingrid naye akapita, kwa miguu yake, anahema! Nikataka kuondoka, bibi akanishika mkono, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maziwa mgando. Utayakataaje maziwa ya mtu mzima? Nikanywa yote. Nikarudisha kikombe kwa mikono miwili, nikashukuru. "Wabeja, mayu."

Na gari likafika.

Ardit akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akaushikilia wazi. Hakuwa na hasira. Alisema tu, "Mamadoto, tulikubaliana." Niliangalia kile kiti. Kilikuwa na blanketi. Mvua ilishaanza, mikono yangu imekufa ganzi, na nisiwafiche, nilikitamani.

Nikamsimulia. Kwa Kiingereza changu cha kuuzia spea, nimesimama kwenye mvua, bibi na ng'ombe wake wanasikiliza, nikamsimulia mbio za Mhunze, na lori, na jina. Nikamwambia, nikipanda hapa, nitakwenda kumwambia nini mama yangu? Nikalia kwelikweli, mtu mzima mimi.

Ardit akafunga mlango. Akasema atanifuata nyuma taratibu na taa zimewashwa, lakini radi ikisogea karibu napanda na sitabishana. Nikamwambia haki yako, kaka.

Basi nikapanda ule mlima. Sina maneno mazuri ya kuueleza. Kona, mvua, kona, ukungu, kona. Taa za gari zilikuwa zinapiga kivuli changu mbele yangu, nami nakifukuzia. Radi niliisikia mbali, upande wa pili wa bonde, nikaitukana kwa Kisukuma matusi ambayo mama asiyasikie. Mahali pengine baiskeli ilikuwa inakwenda polepole kiasi kwamba kuku angenipita. Lakini ilikuwa inakwenda. Nilikuwa nasubiri honi ya Ardit, ile ya kuniambia basi, panda, na haikuja, haikuja, mpaka ghafla pedali zikawa nyepesi nikadhani mnyororo umekatika.

Haukukatika. Mlima ndio ulikuwa umeisha.

Hapo ndipo Ardit akapiga honi, akaishikilia bila kuachia. Wenzangu walikuwa wamejikinga kwenye kibanda, wakatoka wote mvuani wanapiga kelele, "Mamadoto! Mamadoto!" Ingrid alinikumbatia tukaanguka pamoja. Nilipiga kigelegele juu ya mlima ule ambacho nadhani hawajawahi kukisikia tangu Mungu auumbe. Nilikuwa nimeshinda. Nimefika wa mwisho kabisa, na sijawahi kushinda namna ile maishani mwangu.

Jana nikaenda Mhunze.

Nilimkuta mama uani anapepeta mtama. Nikapiga goti, nikamsalimia, nikakaa chini, nikamwambia, "Mayu, sikupanda." Akasema, "Eeh, simulia," bila kuacha kupepeta. Nikasimulia tangu mwanzo. Alicheka kuhusu gia. Alishangaa kuhusu ugali. Nilipofika kwa yule bibi na ng'ombe wake, ungo ukasimama.

"Ukashuka?"

"Nikashuka."

"Na gari likakukuta hapo hapo, umeshuka."

"Likanikuta hapo hapo."

Aliweka ungo chini. Kwanza nilidhani analia, mabega yalikuwa yanamtikisika. Kumbe anacheka, kicheko ambacho sijawahi kumsikia nacho, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akaniambia. Miaka yote hii, akaniambia jana.

Siku ile ya mbio alikuwa mbele, mji unaonekana. Kando ya barabara akamwona baba mkwe wake, babu yangu mzaa baba, ametoka mnadani. Angepitaje juu ya baiskeli, mkwe? Akashuka, akapiga goti, na goti la mkwe haliinuki mpaka mkwe aruhusu. Babu akaanza habari. Habari za nyumbani, za watoto, za mnada, bei ya dume, dume lenyewe lilivyokuwa. Wenzake mama wanapita mmoja baada ya mwingine, yeye yuko chini anaitikia. Lori likafika. Karani wa mbio akaruka akamwambia wewe umechoka, pakia. Na mama kumbishia karani ilikuwa lazima apandishe sauti, na kupandisha sauti mbele ya baba mkwe hakuweza. Wakampakia. Hata jasho lilikuwa limeshakauka.

Nikamuuliza, mbona hukusema? Akaniangalia kama mtu asiye na akili.

"Ningesema nini? Kwamba baba mkwe ndiye aliyenikosesha? Wangemcheka yeye. Bora walinicheka mimi."

Babu alifariki nikiwa darasa la saba. Baba naye hayupo tena. Mama amelibeba lile jina mpaka nywele zimekuwa nyeupe, na mimi mwanae nilikuwa najua, kama wote wanavyojua, kwamba alichoka.

Halafu akachukua ungo wake, akaanza kupepeta tena, akasema bila kuniangalia, "Si huwa unaandika kwenye simu, watu wanasoma? Basi andika. Wahusika wameshalala, hawataona haya."

Nimeandika, mayu.

Watu wa Mhunze, anayejua kusoma amsomee asiyejua. Mama yangu hakuchoka. Alikuwa mbele, akashuka kumsalimia mkwe wake. Anaitwa Kabula. Kesho ni siku ya soko, atakuwepo na mtama wake. Mwiteni jina lake.