Chumvi ya Mkate wa Kwanza

5 Februari

Shikamoo Dada,

Habari za siku nyingi? Huku hatujambo, isipokuwa wifi yako anaumwa mgongo na amekataa kupumzika. Wewe je? Najua nikikuuliza hali yako utanijibu hali ya tanuri, basi nawasalimu nyote wawili.

Nakuandikia kuhusu mwanangu, ambaye ni mwanao pia. Tangu aanze kazi ya majaribio hapo kwenye kiwanda chenu cha mikate, akipiga simu ni "niko poa" tu, kisha anakata. Nasikia nafasi ni moja na wanaojaribiwa ni wawili. Mimi fundi baiskeli, sina mtu wa kumpigia magoti ila wewe, na wewe ndiye mkuu wa waokaji. Sisemi zaidi. Wifi yako anasema nimeshasema sana.

Mdogo wako

19 Februari

Marahaba, mdogo wangu,

Barua yako imenifurahisha. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika. Mwambie wifi alale, nyumba haitahama.

Mwanao ana mikono, sikufichi. Mkate akiufinyanga yeye unatoka umenyooka hadi unaona huruma kuukata. Lakini wenzake wamembatiza Profesa, na si kwa kumsifu. Ukimwambia unga wake umekauka, anakueleza kwa nini haujakauka. Mzee wa tanuri akimrekebisha, yeye hunigeukia mimi na kuita "Shangazi" mbele ya watu wote, kana kwamba nimekuja kumchukua shuleni.

Mwenzake ni binti mmoja aliyesoma naye chuo kimoja, na cheti chao ni kimoja. Tunamwita Nionyeshe, maana ndilo neno lake. Mikate yake ya mwanzo ilikuwa kama viatu vilivyonyeshewa. Tulicheka, naye akacheka kutushinda, kisha akaubeba ule mbaya kuliko yote akampelekea mzee wa tanuri: "Nionyeshe nilipoharibu." Yule mzee unamjua, hata salamu huitoa kwa kupima. Siku hizi anafika mapema ili amfundishe. Tangu binti huyu aje, hata mimi naulizwa mambo niliyosahau kwamba nayajua, na narudi nyumbani nimechangamka. Nampenda, nakiri.

Zungumza na mwanao kabla mambo hayajaharibika.

Dada yako

2 Machi

Dada,

Natumaini u mzima. Nimezungumza naye. Anasema binti huyo anajipendekeza tu, nami naona ni kweli. Tabasamu haliukandi unga. Umesema mwenyewe kwamba mwanangu ana mikono, sasa kinachotafutwa ni nini?

Damu nzito kuliko maji. Mama alipotutoka wewe ndiye uliyenilea. Usimwache mwanangu mlangoni.

Mdogo wako

30 Machi

Mdogo wangu,

Nakusalimu wewe na wifi, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujaikunja.

Hapa kwetu mkate wa kwanza kutoka tanurini haupakiwi garini. Tunaukata, kila mtu anapata kipande, tunakula tumesimama. Jumanne tulitafuna, tukatazamana. Hakukuwa na chumvi hata chembe. Mikate ilikuwa imepauka kidogo, lakini tulidhani ni moto. Unga ule ulitoka meza ya mwanao na Nionyeshe, na aliyepima ni mwanao.

Nikauliza chumvi ilitiwa na nani. Mwanao akatafuna tena taratibu kama jaji, akasema, "Labda chumvi yenyewe haina nguvu."

Watu walicheka mpaka dereva akaja kuchungulia. Mimi sikucheka. Nilikuwa namwombea moyoni aseme neno moja tu, nikamsubiri, na kila mtu aliona kwamba namsubiri. Akatazama dari. Ndipo Nionyeshe akasema, "Sikuuonja unga kabla ya kuukata, na nilipaswa kuuonja. Nikande mwingine?" Alipokuwa anauliza alishafunga aproni upya. Hakumtaja mwanao, wala hakumtazama.

Mdogo wangu, hakuna mwokaji asiyewahi kusahau chumvi. Chumvi si kitu. Lakini mtu asiyeweza kusema "ni mimi" nitamfundishaje? Nafasi nimempa binti. Nimelia, lakini nimempa.

Usininunie.

Dada yako

14 Juni

Mdogo wangu,

Hamjambo? Mgongo wa wifi unaendeleaje? Tangu barua yangu ya Machi sijapata hata mstari. Nakujua: tangu utotoni ukinuna, hata chakula unakipa mgongo.

Wacha nikupe habari. Nionyeshe amepandishwa, sasa ndiye kiongozi wa meza ya unga. Bosi alipotangaza niliogopa, maana wapo wakongwe waliokuwa wakiitolea macho nafasi hiyo. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa mzee wa tanuri, na wale wakongwe wakafuata. Nani angemkatalia, kila mmoja wao alishamfundisha kitu. Nilijivuna kama niliyemzaa.

Sasa sikia ombi lake la kwanza. Nafasi aliyoiacha haijajazwa. Alinijia akasema, "Yule Profesa ananizidi mikono. Akikubali kuonyeshwa, nami nitamwomba anionyeshe."

Sisemi zaidi.

Dada yako

3 Agosti

Shikamoo Dada, na pokea pia shikamoo zote nilizokunyima.

Huku tu wazima. Mgongo wa wifi yako umepona, na mwanangu akasema atamwokea mama yake mkate wa kumpongeza. Barua yako ya Juni ilikuwa juu ya kabati. Sikuwa nimemwonyesha. Niliona itamtia uchungu upya, au labda uchungu ulikuwa wangu.

Mkate ulitoka mzuri wa kupigwa picha. Tukauma. Dada, haukuwa na chumvi. Wifi yako akasema ni laini. Nami nikasema ndiyo, ni laini sana. Tukaendelea kula kwa ujasiri.

Yeye akatafuna, akakiweka kipande chake chini. Nikangoja aseme unga ni mbovu, au jiko langu, au chumvi haina nguvu. Akasema, "Chumvi nimesahau mimi. Samahani, mama. Nakanda mwingine." Akainuka.

Nilikwenda kabatini nikamletea barua yako. Aliisoma amesimama, mikono imejaa unga, kisha akairudia. Aliuliza kitu kimoja tu: eti yule binti ataudhika akimwita "kiongozi"?

Dada, ulikuwa umeona, mimi nilikuwa nimefumba macho. Simwombei nafasi. Nauliza tu kama mlango uko wazi.

Mdogo wako

9 Agosti

Marahaba, mdogo wangu. Mimi mzima, na tanuri ni zima.

Mwambie aje Jumatatu. Nyumbani atamkuta shangazi yake. Kazini atamkuta kiongozi wake, ambaye amefurahi mno na tayari ameshapanga nani atapima chumvi. Atapima mwanao, kila siku. Anasema hamwamini mtu mwingine kwa kazi hiyo.

Dada yako