Nyumba Isiyo na Hasara

Garissa, Jumatano, Agosti 1996

Natangaza rasmi kwamba kuanzia leo nyumba hii haina tena hasara. Ina mafunzo tu.

Mume wangu alirudi na habari hiyo kutoka semina ya maisha mema, ile iliyokuwa na soda na biskuti. Mgeni wa Nairobi aliwafundisha kwamba mtu akikosea hajashindwa, anakua. Kwa hesabu hiyo Baba Hodan sasa ni mrefu kuliko mnara wa msikiti.

Jana usiku hakuziba mlango wa zizi kwa miiba. Fisi akaingia, akamchukua mbuzi wetu wa pekee, yule anayemlisha mtoto tangu maziwa yangu yakauke. Asubuhi nilimkuta mwenzangu amesimama pale, ametulia kama mtu aliyepokea mshahara.

"Mama Hodan, usikasirike. Nimejifunza kitu."

"Umejifunza nini?"

"Kwamba mlango unazibwa."

"Kwani babako hakukuambia?"

"Aliniambia. Lakini wakati ule sikuwa nimekua."

Nilicheka, walahi, ingawa sikutaka. Na kusema kweli semina imemfaa. Siku hizi halalamiki, analala fofofo, hata presha imeshuka. Asiyelala ni mimi. Nilimpa chai ya rangi, nikamwambia hilo ni somo la pili. Akashukuru, akaomba kikombe kingine.

Jioni alikata miiba mipya, akaziba mlango vizuri sana, zizi likiwa tupu.

Hodan amelala kwa maji ya sukari.