Vidonge vya Mume wa Mama Spesi

Baba,

Mfupa wa bega la Mama Spesi umeunga vibaya. Umetokeza chini ya ngozi kama kifundo cha mti, na nasikia akitaka kujitwika ndoo inabidi ainame upande mmoja. Mimi ndiye niliyeuvunja. Nilitumia mchi wetu wa kutwangia kisamvu, siku ya pili ya matanga yako, uani kwetu hapa Gungu, Kigoma, waombolezaji wakitazama. Naanza na hilo kwa sababu watu wamekusemea kaburini maneno mazuri mengi, na hili hakuna aliyekuambia.

Unakumbuka daktari alivyotukalisha? Alichukua vidole vyangu akavibandika kwenye kifundo cha mkono wako. "Moyo wa mzee unakwenda ovyo, kama mlevi anayetoka kilabuni. Dawa hii itautuliza, lakini haina mchezo. Nusu kidonge kila asubuhi. Kabla hujampa, shika hapa, hesabu dakika nzima. Ukipata chini ya sitini, usimpe, mlete. Akikataa chakula au akitapika, mlete. Na asimeze dawa nyingine yoyote, ya dukani au ya mizizi, kabla hamjaniuliza." Wewe ukamcheka. "Daktari, huyu amemaliza kidato cha sita. Kuhesabu mpaka sitini hakutamshinda."

Hakukunishinda, Baba. Niliacha tu kuhesabu.

Wiki za kwanza nilihesabu kila asubuhi, saa yako ya mkononi ikiwa magotini mwangu. Kisha nikapata kazi kule ufukweni, ya kuandika majina ya wakimbizi wanaoshuka kwenye maboti. Nilikuwa nakwambia kidogo tu. Sikukwambia habari ya mwanamke aliyenitajia watoto wanne, akaonyesha kwenye mwili wake mwenyewe mahali kila mmoja alipokatwa panga, nami nikaandika "wanne" kwenye safu ya watoto, halafu nikafuta. Sikukwambia habari ya maiti zilizokuja na mawimbi zikiwa zimefungwa pamoja mikono. Nilikuwa narudi nyumbani nikiwa nimejaa watu. Asubuhi nikawa nakuachia nusu yako kwenye kisosi, naondoka. Mkono wako sikuushika tena.

Mama Spesi nilikuletea kutoka kwenye foleni ile ile. Uliniambia, "Wanaotoka ng'ambo ni ndugu zetu, na chumba cha marehemu mama yako kimelala bure. Mlete." Hakuwa na mzigo, wala Spesi, mwanawe, hakuwa naye tena. Alikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani yake vidonge vya mumewe. Mumewe alikuwa mgonjwa wa moyo, na usiku waliovamiwa alimtuma chumba cha nyuma akamletee dawa. Aliposhika vidonge akasikia mlango unavunjwa. Walimchinjia mumewe kizingitini. Yeye alitokea dirishani na kile kitambaa, akakibeba mpaka ziwani.

Yaliyofuata alinisimulia baadaye, nikiwa namlisha uji wodini. Aliposikia nawe unaumwa moyo, alikupa vyote. Alidhani utaviweka mpaka vya hospitali viishe. Lakini ulikuwa mtoto wa kijiji cha Mwamgongo, na kwenu zawadi ya mgeni huliwa mbele ya macho yake, vinginevyo umemtukana. Kwa hiyo kila jioni ulimwita uani, ukameza kimoja kizima, yeye akiwa amekaa mkekani anakutazama, ukamwambia, "Mumeo ananitibu, mama." Alikuwa analia kwa furaha. Mimi hamkuniambia. Najua kwa nini. Ungesema, huyu msomi atatuharibia.

Sasa nakumbuka yote, na nataka kujing'oa nywele. Ulisukuma sahani ukasema, "Binti yangu, ugali wa muhogo umeutia bizari? Tumekuwa watu wa pilau?" Ugali ulikuwa mweupe, Baba. Nilicheka. Kesho yake ukasema hata taa ina manjano. Ukatapika siku mbili, nami nikasema ni malaria, maana Kigoma nzima ilikuwa inatapika malaria, nikakununulia ndimu. Siku ya tatu ulianguka mlangoni mwa bafu, ndoo ikakumwagikia. Nilipokushika mkono, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, hapakuwa na cha kuhesabu.

Kitambaa alikiona Bosco, mtoto wa dada yako, alipokuwa anakunja godoro lako. Alitoka nacho uani amekiinua juu. "Tazameni! Sumu hii! Tumemlaza nyoka ndani!" Mama Spesi alisimama akasema kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili chake cha kukatika, kwamba ni dawa ya moyo, ni ya mume wake. Hakuna aliyetaka kusikia. Jamaa mmoja alisema, "Kwao wamezoea kuua, wamekuja kuendelea hapa." Mchi ulikuwa umeegemea ukuta. Sikumbuki kuuchukua. Nakumbuka sauti ya mfupa, na nakumbuka kwamba ilinipendeza. Naandika polepole ili nisilifute neno hilo. Ilinipendeza.

Kisha wakamwangukia. Bosco alikuwa amekitupa kile kitambaa miguuni pangu. Ndani yake palikuwa na kipande cha karatasi ya dawa, kimekunjwa kikawa kidogo kama ukucha, kimeandikwa Kifaransa. Nilikisoma. Jina lilikuwa lile lile lililoandikwa kwenye bahasha yako ya hospitali. Pale pale nikaelewa yote, ndimu, bizari, kisosi. Bosco akaniuliza, "Msomi, imeandikwa nini?"

Nilinyamaza.

Haikuwa muda mrefu. Lakini nilijua kwamba nikisema, swali litakalofuata ni nani alikuwa anashika mkono wa Baba kila asubuhi. Katika kunyamaza kwangu mtu alimpiga teke la mdomo. Mwingine alikuwa amemshika mguu anamburuta kuelekea mlango wa ua, na watu wakaanza kusema, "Ziwani! Arudi kwao kwa maji!" Nilimwona akitema meno mawili mchangani. Ndipo nikapiga kelele kwamba si sumu, ni dawa yako, umemeza dozi mbili, na aliyetakiwa kuzuia ni mimi. Bosco alinizaba kofi. "Unamtetea aliyemuua baba yako?" Nikamwambia, "Aliyemuua amesimama hapa, mpige tena." Wakamwachia mmoja mmoja, kwa uvivu, kama watu walionyimwa chakula.

Daktari alithibitisha. Dawa ni ile ile, na ulikuwa unapata mara tatu ya kipimo chako; hata kuona kila kitu manjano ilikuwa dalili ya dawa kuzidi. Hakunigombeza. Aliniuliza kama mapigo yalikuwa yameanza kushuka, nikamwambia sikuhesabu.

Kazi ya ufukweni nimeiacha. Bosco haji tena. Mama Spesi alipotoka wodini alikataa kurudi Gungu, akapelekwa kambini na lori. Siku ya kuondoka aliushika mkono wangu kwa ule wake mzima, akaubusu, akasema, "Urakoze, mwana wanje." Ananishukuru, Baba, na kuniita mwanawe. Mchi amenisamehe, anasema ulikuwa msiba. Anaamini mimi ndiye niliyemwokoa, na kambini anawasimulia watu hivyo. Hajui kwamba nilikuwa nimeshasoma.

Nimekaa na shukrani yake miezi mitatu, na inanila kuliko kifo chako.

Kesho kuna lori la mahindi linalokwenda kambini, na dereva amekubali kunichukua. Nakuahidi hivi: nitakaa chini mbele yake, nitamwambia kwamba meno yake mawili yalitoka wakati nimeshika ile karatasi na nimeshaielewa. Akinitemea mate, sitajipangusa. Akichukua mchi, sitaukwepa. Akinyamaza tu, nitakaa hapo hapo mpaka aniambie niondoke.

Kwaheri, Baba. Usiniombee njiani. Mwombee yeye, maana kesho namnyang'anya mtoto wa pekee aliyebaki naye.

Binti yako