Barua ya Mama Yako Kuhusu Kodi

Mujukuu wangu Neema,

Sisi tuko salama hapa Bukavu, na mama yako amepona malaria. Umeuliza kama nasi tulisaidiwa kodi ya nyumba, kama serikali inavyokusaidia huko Ubelgiji.

Wakati wa vita, babu yako alifundisha bila mshahara, na Papa Deo, mwenye nyumba yetu ya Nyawera, akataka tuhame. Mama yako, mwanafunzi bado, akapeleka barua ya kuomba msaada serikalini. Karani akacheka: "Mutoto, hata mimi hawanilipe!" Lakini akaigonga muhuri.

Papa Deo akaisoma mara mbili. "Iko na muhuri," akasema. "Basi, tungojee serikali."

Alingoja mpaka vita vilipoisha. Alijua serikali haitalipa. Alitaka tu babu yako aendelee kumsalimia bila kuinamisha macho.

Nakukumbatia,
Bibi yako